Chukudu yako inalia wapi? Kusoma dalili kabla ya mteremko

"Muzee, fre haikamate tena."

Kijana aliyesema hivyo alikuwa ameshuka kutoka Kibumba na viazi, jasho na vumbi vimegandamana usoni. Alikuwa amekwisha kubadilisha kipande cha pine (mpira wa tairi) cha fre, yaani breki, mara mbili ndani ya wiki moja. Nikamwambia ashushe mzigo, tukapindua chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili tunachobebea mizigo hapa Goma, mashariki mwa Kongo, magurudumu juu. Kile kipande cha pine kilikuwa kizima. Gurudumu la nyuma lilikuwa kavu, halina tone la mafuta. Kamba ya kurudisha fre ilikuwa mpya. Nikamwuliza amepanga magunia namna gani. "Mawili katikati, la tatu mbele karibu na usukani, nipate pa kusimama."

Ugonjwa ulikuwa hapo. Fre ya chukudu iko kwenye gurudumu la nyuma peke yake, na gurudumu hilo linashika barabara kwa uzito uliolilalia. Yeye alikuwa ameuhamishia uzito mbele. Tulirudisha gunia la tatu nyuma, akashuka mpaka Birere salama, na kile kipande cha pine cha akiba alichokuwa nacho akakifanya soli ya kandambili.

Karibu kila chukudu inayoletwa kwangu inakuja na jina la ugonjwa tayari: fre, rulma (beringi), pine. Mwenyewe anataja mahali panapolia, na chanzo kimelala mahali pengine. Maelezo haya nimeyapanga kwa kufuata dalili, jinsi wenye chukudu wanavyonielezea wakifika, si kwa kufuata vipuri. Ukiwa mgeni Goma na hujui chukudu ni nini, nenda ukaangalie ile sanamu yake ya dhahabu kwenye ronpwe (mzunguko wa barabara), halafu urudi tuendelee.

Kabla ya kushika ufunguo

Uliza mambo manne. Dalili ilianza lini? Inatokea chukudu ikiwa na mzigo au hata ikiwa tupu? Inatokea ukisukuma, ukishuka au ukikata kona? Na siku ile ilipoanza, au jana yake, ulikuwa umebadilisha nini? Swali la mwisho watu hulijibu kwa kuona haya, maana mara nyingi waliobadilisha kitu ni wao wenyewe: wamepiga msumari, wamekaza nati, wamekopa gurudumu la jirani.

Baada ya hapo shusha mzigo wote, pindua, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Weka alama ya chaki juu ya gurudumu ili ujue limezunguka mara ngapi. Fanya hivyo mahali penye utulivu. Pembeni ya barabara ya Majengo, na wamotari wakipita, hutasikia kitu.

Inalia

Mlio una aina zake, na kila aina inaonyesha mlango wake.

Ukisikia "tok" mara moja kwa kila mzunguko wa alama ya chaki, tatizo liko kwenye gurudumu lenyewe: kichwa cha msumari kimetoka, ubao umepasuka, au ule mkanda wa pine uliopigiliwa umeachana kwenye kiungo. Ukisikia mkwaruzo usiokatika, kama mtu anasaga mahindi mbali, hiyo ni rulma. Ukisikia "kwii" pale tu unapopita juu ya jiwe ukiwa na mzigo, na chukudu ikiwa tupu inanyamaza, usiguse rulma. Hapo mti unasuguana na mti kwenye kiungo kilicholegea. Na mlio unaokuja ukigeuza usukani tu unatoka shingoni, pale usukani unapopita kwenye boriti.

Rulma zinakufa mapema hapa kwetu, na sababu iko chini ya miguu yetu. Mji huu umekaa juu ya lava ya volkeno. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilikata barabara ya Rutshuru ikasimama Buhene. Lava iliyosagwa na malori inakuwa vumbi lenye makali, na vumbi hilo likichanganyika na mafuta linakuwa msasa mzuri kabisa. Ndiyo maana sipendi desturi ya kumwagia rulma mafuta machafu ya injini kila asubuhi. Kwa saa moja chukudu inanyamaza, na mwenyewe anafurahi. Halafu mafuta yanavuta vumbi. Yanayobaki yanachuruzika juu ya gurudumu la nyuma mpaka kwenye fre, na jioni mtu huyo huyo anakuja kuniambia fre haikamati.

Ukinunua rulma, soma namba iliyopigwa pembeni. 6203 ina tundu la milimita 17 na kipenyo cha nje cha milimita 40. 6204 ina tundu la milimita 20 na kipenyo cha nje cha milimita 47. Usikubali ya 6204 uwekewe kwenye ekseli ya 17 kwa kuzungushia bati la kopo. Namba ikifuatwa na herufi 2RS, maana yake imefungwa kwa mpira pande zote mbili. Hiyo ndiyo inayofaa vumbi letu, hata kama bei yake inauma kidogo. Ikifuatwa na ZZ, imefungwa kwa bati, na vumbi jembamba bado linapenya.

Kuna dalili moja ambayo imewasumbua mafundi wengi, na mimi pia ilinisumbua zamani. Gurudumu linazunguka vizuri kabisa nati ikiwa imelegea. Ukikaza nati, linakuwa zito, na baada ya siku chache rulma mpya inaanza kulia. Watu wanasema rulma ni za bandia. Pengine ni kweli, lakini angalia kwanza kati ya rulma mbili za gurudumu moja: je, kuna bomba la chuma linalozitenganisha? Bila bomba hilo, nati inasukuma pete za ndani zikaribiane wakati pete za nje zimezuiwa na mti, na vigololi vinabanwa kwa ubavu. Kata kipande cha bomba chenye urefu sawasawa na nafasi iliyopo kati ya rulma hizo, ncha zake zikiwa zimenyooka, ukiingize ndani. Hapo unaweza kukaza nati mpaka mwisho na gurudumu likabaki jepesi.

Mgongo umepasuka

Mgongo ni boriti ile ndefu inayobeba kila kitu. Kwetu mara nyingi ni mkaratusi, na magurudumu yanachongwa kwa mti mgumu zaidi. Mkaratusi una nguvu, lakini una tabia ya kupasuka ukikauka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ufa ulio mbele yako ni wa aina gani.

Ufa unaofuata nyuzi za mti, unaoanzia kwenye ncha ya boriti na kuingia ndani, kwa kawaida ni wa kukauka. Hauuwi mtu kesho. Funga ncha kwa mkanda wa chuma, weka alama ya kalamu pale ufa ulipoishia, na uangalie kila wiki kama umepita alama. Ukiwa unatengeneza chukudu mpya, paka rangi kwenye ncha za boriti siku ile ile ulipoukata mti, kwa sababu maji yanatoka haraka zaidi kwenye ncha kuliko kwenye ubavu, na ncha ikikauka kabla ya katikati, lazima ipasuke. Kujua kama mti umekauka, chukua kipande chake kidogo, ukipime kwenye mizani ya sokoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, unaweza kuanza kuchonga.

Ufa unaokata nyuzi, upande wa tumbo la boriti, ni habari nyingine. Mzigo ukikaa juu, mgongo wa juu unabanwa na tumbo la chini linavutwa. Mti unaovutwa unapasukia pale penye udhaifu: jicho la mti, nyuzi zilizopinda zikatokea ubavuni, au tundu alilotoboa binadamu. Ufa wa namna hii hauna dawa. Si bati, si gundi, si misumari 20. Misumari ndiyo inaumaliza kabisa, kwa sababu kila msumari ni tundu jipya. Kama ufa umejificha, mweke mtu mzito asimame juu ya chukudu na wewe ulale chini uangalie tumbo. Ufa wa kweli unafungua mdomo akipanda na kufumba akishuka.

Nitasema langu. Niliwahi kutoboa tundu chini ya mgongo wa chukudu yangu mwenyewe ili nipate mahali pa kutundika kopo la funguo. Tundu dogo tu. Haikupita miezi miwili, nikiwa na mbao chini ya Kibati, nikasikia mlio kama wa tawi linalovunjwa na tumbili, na kabla sijajua ni nini nilikuwa chini na mbao ziko juu yangu. Mgongo ulikuwa umekatika pale pale penye tundu, nusu ya mkato ikiwa nyeupe na mpya, nusu nyingine imeingia weusi wa vumbi. Ile nusu nyeusi ndiyo iliyoniumiza moyo zaidi kuliko bega. Ilikuwa inaniambia kwamba ufa ulikuwepo kwa wiki nyingi, unakua kidogo kidogo kila safari, na mimi nilikuwa napanda juu yake nikipiga mluzi.

Kuna hesabu ndogo hapa inayostahili kujulikana. Nguvu ya boriti dhidi ya kupinda inafuata upana wake mara kimo chake kikizidishwa kwa chenyewe. Boriti ya upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 10, ukiiongezea upana ikawa 12, imepata nguvu asilimia 20. Ukiiongezea kimo badala ya upana, ikawa 12, imepata asilimia 44 kwa mti ule ule. Kwa hiyo boriti isiyo mraba ilazwe kwa ubavu wake mwembamba, isimame. Ukichonga mwanya wa sentimita 2 kwenye tumbo la boriti yenye kimo cha 12, umetupa karibu theluthi ya nguvu yake, na hapo sijahesabu kwamba kona ya mwanya ni mahali ambapo ufa unapenda kuzaliwa. Lakini tundu la sentimita 2 linalopita kutoka ubavu hadi ubavu, katikati kabisa ya kimo, halifikishi hata asilimia 1 ya hasara, maana katikati ya boriti hapabanwi sana wala hapavutwi sana. Ukilazimika kutoboa, toboa hapo.

Kona kali zinaua chuma pia. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa inarudi Paris kutoka Versailles ilianguka baada ya ekseli ya injini yake kukatika, na zaidi ya watu 50 wakafa, wengi kwa moto. Mhandisi wa Scotland, William Rankine, alichunguza ekseli zilizovunjika akaonyesha kwamba hazikuwa zimevunjika kwa pigo moja. Ufa ulianzia pale unene wa ekseli unapobadilika ghafla, ukaingia ndani taratibu mpaka chuma kilichobaki kikawa hakitoshi. Nilipoiona picha ya mkato wa namna hiyo nilikumbuka mgongo wangu: nusu ya zamani, nusu mpya.

Kwa hiyo kama ekseli yako imechongwa ngazi kali pale inapokutana na rulma, mpelekee mtu wa mashine akuzungushie kona hiyo iwe ya mviringo. Na kama unashuku ufa, osha chuma, pakaza petroli ya taa (mafuta ya taa, si petroli ya gari), subiri kama dakika 15, pangusa mpaka pakauke, halafu paka chaki ya shule. Petroli iliyoingia ndani ya ufa itatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ni njia ya zamani ya watu wa reli, na inagharimu bei ya chaki moja.

Usukani unacheza

Dalili: ukifika kasi fulani kwenye mteremko, usukani unaanza kutikisika kushoto na kulia, na ukiukaza kwa nguvu unatikisika zaidi.

Angalia shingo kwanza. Simama mbele, bana gurudumu la mbele katikati ya magoti, usukume usukani mbele na nyuma. Ukisikia "kok kok", tundu la shingo limeliwa. Tundu hili linakata upana mkubwa wa boriti, na linavumilika tu kwa sababu liko karibu na gurudumu la mbele, mahali ambapo mgongo haupindi sana. Hatari yake ni kupasuka kwa urefu. Lizungushie mikanda miwili ya chuma, mmoja mbele ya tundu na mmoja nyuma, na ndani uweke kipande cha bomba ili shingo isile mti.

Kama shingo ni nzima, chukua kamba. Ishike sambamba na mstari wa shingo, uishushe kwa mstari huo huo mpaka chini, uweke jiwe inapogusa. Halafu weka jiwe la pili pale gurudumu la mbele linapogusa ardhi. Jiwe la kamba linatakiwa liwe mbele ya jiwe la gurudumu. Mimi naacha sentimita 4 hadi 8. Hapo gurudumu linaburutwa nyuma ya shingo na linajinyoosha lenyewe. Mawe yakiwa pamoja, usukani hauna akili ya kujirudisha. La kamba likiwa nyuma, una chukudu inayotaka kugeuka kila wakati, na wewe unashindana nayo kuanzia juu mpaka Munigi. Kosa hili linaingia kimya kimya, hasa mtu akibadilisha gurudumu la mbele kwa lenye ukubwa tofauti, au uma, ile miguu inayoshika gurudumu la mbele, ukitengenezwa upya na mtu asiyepima.

Ikivuta upande mmoja tu bila kutikisika, nyosha kamba kando ya magurudumu yote mawili. Yakiwa hayako katika mstari mmoja, umepata jibu. Yakiwa sawa, ni mzigo umekaa upande.

Fre

Ukiacha habari ya mzigo niliyoanza nayo, fre inashindwa kwa sababu tatu ninazoziona kila wiki: mafuta yaliyochuruzika kutoka kwenye rulma, maji, na moto.

Maji yanaeleweka. Mvua ya mchana ikikukuta juu, usiingie kwenye mteremko kwa kasi ya kawaida ukidhani fre ya asubuhi ndiyo ya sasa. Igusishe kidogo kidogo kwa muda ili ijikaushe.

Moto unahitaji maelezo. Chukua chukudu, mzigo na mwenyewe, jumla kilo 400. Kila unaposhuka mita 100 za kimo bila kuongeza kasi, nishati ya kama kilojuli 390 lazima iende mahali. Kwa nishati hiyo unaweza kuchemsha maji ya baridi zaidi ya lita moja. Sehemu yake inaliwa na mawe, upepo na rulma, lakini nyingine inaingia kwenye kipande kidogo cha pine kilichobanwa juu ya gurudumu. Pine haipitishi joto vizuri, na mti pia haupitishi, kwa hiyo joto linakaa pale pale wanapogusana. Uso wa pine unayeyuka kidogo, ukipoa unakuwa laini na wenye kung'aa kama kiatu cha jumapili. Dalili zake: harufu ya mpira ulioungua, moshi, na fre iliyokuwa nzuri juu ikawa haina nguvu chini. Dawa: kwaruza uso huo kwa jiwe la lava mpaka urudi kuwa na ukali. Hapo jiwe letu linafaa. Tumia kipande kipana zaidi ili joto ligawanyike, na ubane kwa nguvu, uachie, ubane tena. Kukanyaga kidogo bila kuachia toka juu mpaka chini ndiko kunakounguza.

Sasa turudi kwa yule kijana, maana kuna namba nilimchorea chini kwa kijiti. Tuseme unashuka kwa kilomita 30 kwa saa, mteremko ni wa mita 6 kwa kila mita 100, na pine inashika barabara kwa kipimo cha 0.4, ambacho ni cha wastani kwa barabara yenye vumbi. Kama asilimia 60 ya uzito iko nyuma, kuanzia fre inapokamata mpaka kusimama ni karibu mita 20. Kama asilimia 40 tu iko nyuma, ni mita 35. Ongeza mita 8 unazozikata katika sekunde ile moja ya kushtuka. Ni chukudu ile ile, fre ile ile, ila gunia moja limehama. Na hesabu hii inawapendelea wote wawili, kwa sababu ukipiga fre uzito unakimbilia mbele na gurudumu la nyuma linazidi kuwa jepesi. Ukipunguza kasi mpaka 20, yule wa kwanza anasimama kwa mita 9 hivi.

Alinitazama, akaitazama michoro yake, akasema, "Sasa nisimame wapi?" Swali la haki. Tulikata mbao mbili, tukatengeneza kikanyagio kidogo nyuma kabisa, juu ya gurudumu, na uzito wake yeye mwenyewe ukaenda kusaidia fre.

Gurudumu halikai mviringo

Hapa sina mengi. Mti unakauka upande mmoja kuliko mwingine na duara linakuwa yai. Ukipata yai dogo, chonga. Yai kubwa, au ufa unaofika kwenye tundu la rulma, tengeneza gurudumu jipya. Misumari ya mkanda wa pine ipigwe kwa mshazari na vichwa vyake vizame ndani ya pine.

Baada ya kuanguka

Kwanza mwili. Magari ya siku hizi yana pua iliyotengenezwa ijikunje, ili mtu aliye ndani apate nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Chukudu haina pua ya kujikunja. Kinachojikunja ni wewe. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita tatu na nusu. Kwa 40, zaidi ya mita sita. Huwezi kubadilisha hilo, lakini unaweza kuondoa mikuki. Ncha za usukani zilizochongwa na kuachwa wazi zinaingia tumboni, na mtu anaweza kusimama akidhani hana kitu huku anavuja damu ndani. Zivishe mipira minene ya mviringo. Kunja au ukate kila msumari na kila bulo (bolti) inayochungulia upande wako. Mzigo ufungwe kwa kamba mbili zisizotegemeana, moja ya urefu na moja ya kukata, ili moja ikikatika magunia yasikufuate. Na mtu aliyepigwa tumboni au kichwani apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anatembea.

Halafu chukudu. Watu wanaangalia kilichovunjika, wanabadilisha, wanaondoka. Mimi naogopa zaidi kile ambacho hakikuvunjika. Zungusha ekseli juu ya kioo au bati lililonyooka. Ikiruka, imepinda, na kuinyoosha kwa nyundo ni kuianzishia ufa. Nyosha kamba kando ya magurudumu. Rudia kipimo cha mawe mawili. Kisha osha uma wa mbele kwa maji na sabuni, uuangalie jua likiwa upande, kwenye sehemu ya nyuma ya miguu yake, karibu na shingo. Mti uliobanwa kupita kiasi hautoi ufa. Unatoa mikunjo midogo sana inayokata nyuzi, kama makunyanzi ya kitambaa kilichokaliwa. Inapapaswa kwa ukucha kabla ya kuonekana kwa macho. Nyuzi hizo zimekwisha kuvunjika ndani, na uma huo utakatika siku nyingine kwa jiwe dogo, mahali ambapo hakuna aliyegonga kitu.

Uma wenye makunyanzi hayo simrudishii mwenyewe ukiwa mzima, hata akiomba abaki nao kama kuni. Naukata kwa msumeno mbele yake, vipande vinne, ndipo anavibeba. Zamani nilikuwa nautupa tu nyuma ya nyumba. Siku moja nikiwa Kanyaruchinya nikauona mmoja wangu unashuka, nikautambua kwa alama ya patasi yangu. Ulikuwa umepakwa rangi ya buluu, na juu yake magunia manne ya makala, yaani mkaa.